Kwa nini njia ya shaba haijengi miji inayoipitia

Ukipanda teksi-basi asubuhi Lubumbashi kwenda Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, safari ya kilomita zisizofika 100, unaweza kuhesabu malori mpaka uchoke. Yanayoshuka kuelekea Zambia yamebeba mabamba ya shaba yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma, pamoja na magunia makubwa ya kobalti. Yanayopanda yanaleta salfa, tindikali, chokaa, mafuta, vipuri, na bunga ya mahindi ambayo ikikosekana hakuna bukari (ugali) mezani kwetu. Mzigo huo unakwenda au unatoka Durban, Dar es Salaam, Beira na Walvis Bay. Sidhani kuna njia nyingi barani zinazobeba mali nyingi kuliko hii kwa siku moja.

Halafu unashuka Kasumbalesa mwezi wa Januari, unaiacha lami hatua ishirini tu, na tope linakufika kwenye vifundo vya miguu. Mama mmoja muuza sombe (majani ya mihogo), ambaye nilimkuta akipanga mawe mbele ya kizingiti chake, aliniambia: “Papa, njia balitengeneza muzuri, lakini mayi yote inaingia kwangu mu nyumba.”

Nimelifikiria neno lake mara nyingi tangu siku hiyo. Hakulalamika kwamba barabara haipo, wala hakusema kwamba ni mbovu. Alisema barabara ni nzuri, na uzuri wake ndio uliomletea maji. Ukielewa jinsi jambo hilo linavyowezekana, umeelewa sehemu kubwa ya tatizo la miji midogo na ya kati iliyo kwenye njia zetu za biashara: Kasumbalesa, Kipushi, Likasi, Fungurume, Kolwezi, na kule kwenye reli ya magharibi Mutshatsha, Kasaji na Dilolo.

Wapangaji wanaiita njia kama hii ushoroba. Neno hilo ni la nyumbani. Ushoroba ni ule upenyo ulio katikati ya vyumba, unaopita kutoka mlango wa mbele hadi uani. Hakuna anayetandika mkeka humo. Kazi yake ni kupitisha watu, na ubora wake unapimwa kwa jinsi mtu anavyopita bila kujikwaa. Nyumba inakuwa nyumba kwa sababu ya vyumba, na vyumba vina faida na ushoroba pale tu vinapokuwa na milango inayofunguka humo. Miradi mingi tunayoisikia inatengeneza ushoroba: lami, daraja, reli, mpaka. Milango ni kazi nyingine kabisa, ina wahandisi wengine, ina fedha nyingine, na kwa kawaida haina mwenyewe.

Miji iliyozaliwa kwenye vituo

Zamani usafiri wenyewe ulilazimisha milango hiyo kuwepo. Reli kutoka kusini iliingia Kongo kupitia Sakania na kufika Lubumbashi mwaka 1910, wakati mji ukiitwa Élisabethville. Injini ya mvuke haiendi mbali bila kunywa maji na kulishwa kuni au makaa ya mawe. Kwa hiyo kila baada ya masafa fulani treni ilikuwa lazima isimame, na pale iliposimama palihitajika tangi la maji, mafundi, ghala, nyumba za wafanyakazi, na baadaye soko. Stesheni ndogo zikawa vijiji, vijiji vingine vikawa miji. Injini za dizeli zilipokuja, sababu ya kusimama ikatoweka, na stesheni nyingi zikabaki na jina kwenye ubao.

Miji ya migodi ilikuwa na mlezi wa aina nyingine. Union Minière, kampuni ya madini iliyoanzishwa mwaka 1906, ilijenga kambi za wafanyakazi Lubumbashi, Likasi (iliyoitwa Jadotville kwa jina la Jean Jadot) na Kolwezi. Kampuni ilileta maji, umeme, hospitali, shule, hata posho ya bunga. Serikali ilipoitaifisha na kuzaa Gécamines, malezi hayo yaliendelea. Wazee wetu waliolelewa kambini bado wanakumbuka kwamba bomba likipasuka, aliyeitwa hakuwa meya. Aliitwa mtu wa kampuni.

Hapo ndipo penye kovu. Mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, ulibomoka mwaka 1990, uzalishaji ukaporomoka, na kuanzia mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa Gécamines katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari. Familia hizo zilipoteza mshahara, na miji nayo ikapoteza fundi bomba, fundi umeme na mfagia mitaro. Ofisi ya mji ilirithi mabomba na mitaro ambayo haikuijenga, ambayo michoro yake ilikuwa kwenye makabati ya kampuni, na ambayo hakuna aliyewahi kulipia bili yake kama raia. Anayeshangaa leo kwa nini Likasi yenye mitaa iliyopangwa vizuri ina mitaro iliyoziba, asianze na uvivu wa watu. Aanze na swali la nani aliyekuwa akiizibua, na lini aliacha.

Mji unaoishi kwa kuchelewesha

Sasa tufike kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo gumu kuliko yote, na mara nyingi haliandikwi kwenye mabango ya miradi.

Lori la leo linasimama wapi? Mpakani, kwenye peaji (kituo cha kulipia barabara), kwenye kituo cha mafuta, kwa fundi wa tairi, na pale usiku unapomkuta dereva. Kasumbalesa imekua kwa sababu lori linasimama pale. Foleni yake imewahi kunyooka kwa makumi ya kilomita, na dereva anaweza kukaa siku kadhaa akisubiri karatasi za duane (forodha). Katika siku hizo anakula, anaoga, ananunua vocha, anabadilisha kwacha kwa kambisti, analipia ulinzi wa mzigo, anatafuta wakala wa forodha. Nyuma ya kila saa anayopoteza yeye kuna mtu wa Kasumbalesa anayepata chakula cha jioni.

Lakini lengo la ushoroba wowote ni kuziondoa saa hizo. Chirundu, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, kilifunguliwa Desemba 2009 kituo cha kwanza barani Afrika ambapo nchi mbili zinakagua mzigo mara moja chini ya paa moja, na muda wa malori kukaa pale ukapungua sana. Ndivyo inavyotakiwa iwe kila mahali. Mwenye mgodi anataka hivyo, mnunuzi anataka hivyo, dereva anayelala chini ya trela anataka hivyo kuliko wote, na mama wa Lubumbashi anayenunua bunga anataka hivyo pia, kwa sababu kila siku ya foleni inaongezwa kwenye bei ya gunia.

Kwa hiyo mradi wa kuboresha ushoroba ukifanikiwa kabisa, unaufilisi mji wa mpakani, na ukishindwa mji unaendelea kula. Si ajabu basi kwamba watu wa mji hawaushangilii. Anayewaambia wakazi wa Kasumbalesa kwamba “maendeleo yanakuja” bila kuwaeleza watakula nini foleni ikiisha, hajawaheshimu.

Mji wa namna hiyo unahitaji kupata sababu ya dereva kusimama kwa kupenda, badala ya kusimama kwa kulazimika: pakingi yenye ukuta, taa, choo na maji ya kuoga, gereji zenye sakafu ya zege na shimo la kukusanyia oili, ghala ambamo mzigo mkubwa unagawanywa kuwa midogo inayokwenda Kipushi na vijijini, chumba cha baridi cha samaki na nyama, na soko lenye paa kwa akina mama wanaovuka mpaka na mizigo yao midogo. Hayo yote ni miundombinu ya mji. Hakuna hata moja iliyo sehemu ya barabara, na kwa hiyo hakuna hata moja inayoingia kwenye bajeti ya barabara.

Maji yanafuata lami

Nirudi kwa yule mama, maana kisa chake kina hesabu ambayo kila diwani angepaswa kuijua kwa moyo.

Chukua kilomita moja ya lami yenye upana wa mita 10. Hiyo ni hekta moja kamili. Mvua ya milimita 50, ambayo kwetu kati ya Novemba na Aprili si ya kushangaza, ikinyesha juu ya hekta hiyo inaleta lita 500,000 za maji. Kabla ya lami, sehemu kubwa ya maji hayo ilizama kwenye udongo au ikatembea polepole kati ya miti ya miombo. Sasa yote yanakimbia kwa pamoja kwenda pembeni. Ongeza mabati ya nyumba zilizofuata barabara, ongeza viwanja vilivyofagiliwa mpaka vikawa vigumu kama sahani, na unapata mto unaoishi saa mbili tu kila mvua inaponyesha, halafu unakufa.

Barabara kuu hujengwa juu ya tuta ili yenyewe isilowe. Tuta hilo ni bwawa refu. Maji ya upande wa juu hayawezi kuvuka ila kwenye kalavati, na mhandisi wa barabara anaweka kalavati pale inapofaa kwa barabara. Kazi yake inakwisha maji yanapotoka upande wa pili, kwenye mpaka wa hifadhi ya barabara. Kuanzia hapo ni kazi ya mji, na mji hauna mtaro wa kuyapokea. Maji yaliyokuwa yametawanyika sehemu kumi sasa yanatokea tundu moja, kwa nguvu, mbele ya mlango wa mtu. Baada ya misimu mitatu au minne panakuwa na korongo, na baada ya hapo korongo linaanza kurudi nyuma kuila barabara yenyewe. Nimeona mahali ambapo lami ilikatika kwa sababu ya maji ambayo lami yenyewe iliyafukuza.

Kwa maneno mengine, kanivo (mtaro wa maji) inayokwenda mpaka mtoni ni sehemu ya barabara hata kama iko nusu kilomita kutoka barabarani. Ikikatwa kwenye bajeti, gharama yake haipotei. Inahamia kwa muuza sombe, na baada ya miaka inarudi kwa wizara.

Kuna uharibifu mwingine unaotokana na kusimama. Watu wanajua kwamba lori zito linaharibu barabara, lakini wachache wanajua ni kwa kiasi gani. Majaribio makubwa yaliyofanywa Marekani, huko Ottawa katika jimbo la Illinois, kati ya 1958 na 1960, yalionyesha kwamba uharibifu hauongezeki sawasawa na uzito. Ekseli yenye mzigo maradufu inaumiza barabara karibu mara 16. Ndiyo maana nchi za SADC na COMESA zimeshika kikomo cha tani 56 kwa lori zima na mzigo wake, na ndiyo maana mzani usio na rushwa unaokoa lami kuliko kreda lolote. Sasa, lori linalotembea linaigusa lami kwa sekunde tu. Lori lililosimama kwenye jua la Oktoba linaikandamiza kwa saa nyingi, na lami ikipata joto inalegea na kuchimbika mifereji chini ya magurudumu. Juu yake dizeli inadondoka, na dizeli inaiyeyusha lami kabisa. Kwa hiyo kipande cha foleni mjini kinakufa miaka mingi kabla ya kipande cha porini, ingawa vilijengwa siku moja kwa kipimo kimoja.

Dawa inajulikana: pale malori yanapojipanga, wekeni zege au pave za mawe na saruji, msiweke lami. Mimi napenda pave kwa mitaa ya mji kwa sababu mbili zaidi. Vijana wa mtaa wanaweza kuzifyatua na kuzipanga wenyewe, kwa mchanga na saruji ambayo tayari inapita kwenye njia hiyohiyo. Na siku bomba likipasuka, pave zinang'olewa, fundi anafanya kazi yake, zinarudishwa. Lami ikishakatwa kwa ajili ya bomba, hairudi kuwa lami tena. Inabaki kovu linalosubiri mvua.

Hapo pia ndipo mpangilio wa kazi unapokuwa muhimu kuliko ukubwa wa fedha. Bomba la maji, kanivo na mfereji wa nyaya vingetangulia, uso wa barabara ungefuata. Kwetu mara nyingi inakuwa kinyume, kwa kuwa mkandarasi wa barabara ana fedha na tarehe, na Regideso, shirika la maji la taifa, inangoja fungu lake. Mwaka unaofuata mtu anachimba.

Waya unaopita juu ya kichwa

Mfano mkali kuliko yote wa ushoroba usio na milango hauko ardhini. Mwaka 1982 ulikamilika mstari wa umeme kutoka Inga, karibu na bahari, hadi Kolwezi, urefu wa kilomita zipatazo 1,700. Ulijengwa ili migodi ya Shaba, kama jimbo letu lilivyoitwa wakati huo, ipate umeme wa mto Kongo. Unapita juu ya mamia ya vijiji na karibu na miji mingi. Karibu yote chini yake iko gizani.

Watu hudhani ni dharau, na sehemu ni hivyo. Lakini kuna sababu ya kifundi pia, na inafaa kuieleza. Mstari ule unabeba mkondo mnyoofu, siyo mkondo geu unaotumika nyumbani. Mkondo mnyoofu unapoteza umeme kidogo kwenye safari ndefu, lakini huwezi kuuchomoa njiani kwa transfoma ya kawaida. Lazima ujenge kituo kizima cha kugeuza mkondo, na kituo kama hicho kina bei ambayo mji mdogo hauwezi kuota. Waliochora mstari walichagua umbali, wakaacha vituo. Uamuzi ulifanywa mezani miaka mingi kabla mtoto wa kijiji kuuliza kwa nini waya unaonguruma juu ya nyumba yao hauwashi taa.

Na hata kule kwenye mabwawa yetu wenyewe, Mwadingusha na Koni kwenye mto Lufira, Nzilo na Nseke kwenye Lualaba, umeme ulizaliwa kwa ajili ya viwanda vya shaba. Mji ulipata uliobaki. Matokeo yake yanaonekana pembeni mwa kila barabara inayoingia Lubumbashi: magunia ya makala (makaa ya kupikia) yamesimama kama askari, na miombo inarudi nyuma kila mwaka. Tunapika kwa msitu kwa sababu waya una kazi nyingine.

Sheria ya umeme ya mwaka 2014 na ile ya maji ya mwaka 2015 zilifungua mlango kwa majimbo na wawekezaji wadogo kuzalisha na kusambaza bila kungoja Snel, shirika la umeme la taifa, au Regideso. Kwa mji wa daraja la pili huo ni mlango wa kweli. Mtandao mdogo wa jua unaowasha soko, pakingi na pampu ya kisima kirefu hauhitaji ruhusa ya Inga. Unahitaji kiwanja ambacho hakijauzwa, na mtu wa kukusanya malipo kila mwezi bila kuyala.

Mrabaha unafuata shimo

Fedha zipo? Zipo, lakini zinatembea kwa njia yake.

Sheria ya madini (Code minier) iliyorekebishwa mwaka 2018 inaugawa mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa madini inayochimba, hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo la ugatuzi ambamo mgodi umo, yaani mji, komuni, sekta au usultani, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Pia kampuni inatakiwa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya jamii zinazouzunguka mgodi. Kwa maeneo ya Kolwezi na Fungurume hilo lilikuwa badiliko kubwa. Kwa mara ya kwanza ofisi ndogo za chini zilipata fedha zinazoonekana.

Angalia lakini jinsi kanuni hiyo inavyofikiri. Mrabaha unafuata shimo, haufuati gurudumu. Shaba iliyochimbwa Kolwezi inapita Likasi, inapita Lubumbashi, inapita Kasumbalesa. Inaacha vumbi, mashimo ya lami, ajali na foleni, na haiachi mrabaha hata mmoja kwa miji hiyo, kwa kuwa haikuchimbwa kwao. Ushuru wa mpakani ni wa taifa. Peaji inalipia barabara na deni la barabara. Mji unaobeba uzito wa njia hauna haki ya kisheria juu ya kinachopita, isipokuwa vijikodi vya kuegesha, vya soko na vya usafi. Ndiyo maana vijikodi hivyo vinazaliana kila kona, kila kimoja na risiti yake. Wenye malori wanaviita unyang'anyi. Mimi nasema ni dalili ya mji ambao sheria haikuupa mlango, ukaamua kutoboa ukuta.

Ile asilimia 40 ya mapato ya taifa ambayo Katiba ya mwaka 2006 iliahidi majimbo, na ambayo sehemu yake ilipaswa kushuka mpaka kwa miji, haijawahi kufika kwa ukamilifu. Mikataba mikubwa ya madini kwa miundombinu, kama ule wa Sicomines wa mwaka 2008 uliorekebishwa Machi 2024 na kuahidi hadi dola bilioni 7, inapangwa Kinshasa, na kipaumbele chake ni barabara za kitaifa. Sisemi barabara hizo hazihitajiki. Nasema hakuna anayekaa kwenye meza ile kwa niaba ya kanivo ya Kasumbalesa.

Nani angekaa? Desemba 1957 wakazi wa Jadotville na Élisabethville walipiga kura kuchagua viongozi wa komuni zao, bado chini ya Wabelgiji. Leo meya wa mji anateuliwa kutoka juu, na uchaguzi wa madiwani wa Desemba 2023 uligusa sehemu tu ya komuni za nchi. Meya anayeweza kuondolewa kwa amri ana sababu nzuri ya kutogombana na wizara juu ya bomba.

Kukwepa mji au kupita ndani

Swali linaloulizwa sana sasa ni kama malori yapewe barabara ya kuuzunguka mji. Kwa tindikali jibu langu ni ndiyo, bila kusita. Februari 2019 lori lililobeba tindikali kwa ajili ya mgodi liligongana na magari mengine kwenye njia ya kati ya Lubumbashi na Kolwezi, na watu zaidi ya kumi walikufa kwa namna ambayo sitaki kuieleza hapa. Mzigo wa aina hiyo haufai kupita mbele ya shule.

Kwa mizigo mingine mambo hayako wazi hivyo. Barabara ya mzunguko ikijengwa bila kulinda ardhi ya pembeni, katika miaka mitano vibanda vinaifuata, nyumba zinafuata vibanda, na mji unakuwa na barabara kuu mbili zilizosongamana badala ya moja, huku mitaro ikiwa ileile. Ikijengwa na kulindwa vizuri, soko la zamani linakosa wateja. Njia ya kati ipo: malori yazunguke nje, lakini kwenye maungio mawili, pale mzunguko unapoachana na mji na pale unapokutana nao tena, mji uwe tayari umeshika ardhi yake yenyewe kwa ajili ya pakingi, ghala, gereji na soko, na ukodishe viwanja hivyo. Kodi ya ardhi hiyo inakuwa mapato ambayo hayategemei foleni wala huruma ya Kinshasa. Lakini ni lazima ardhi ishikwe kabla ya tingatinga kufika, maana baada ya hapo kila kipande kina mwenye hati, na pengine wenye hati watatu.

Kolwezi inajua uchungu wa ardhi kuliko mji wowote. Mwaka 2014 mkazi mmoja wa mtaa wa Kasulo alichimba uani kwake akakuta madini ya kobalti, na katika muda mfupi mtaa mzima ukawa mashimo, mengine yakiingia chini ya vyumba vya kulala. Mji ulioko juu ya madini na kando ya njia ya madini unahitaji ramani inayosema wazi wapi pa kuishi, wapi pa kuchimba, wapi pa kupita. Bila ramani hiyo, bomba linaweza kulazwa leo mahali ambapo kesho patakuwa shimo.

Kwa sasa macho yote yako kwenye reli ya magharibi. Njia ya Lobito, bandari ya Angola kwenye Atlantiki, iliunganishwa na reli ya Katanga mwaka 1931, ikafungwa na vita vya Angola kuanzia 1975, ikajengwa upya upande wa Angola, na mwaka 2023 ikakabidhiwa kampuni mpya kwa miaka 30. Oktoba mwaka huohuo Marekani, Umoja wa Ulaya, Angola, Kongo na Zambia walitia saini makubaliano ya kuikuza. Shaba ya majaribio kutoka Kolwezi ilifika bandarini kwa siku kama nane, wakati malori ya Durban huchukua wiki kadhaa kwenda na kurudi.

Upande wetu, kati ya Kolwezi na Dilolo, reli ya SNCC, shirika la reli la Kongo, bado ni dhaifu na itahitaji kutengenezwa. Hiyo ina maana kwamba Mutshatsha na Kasaji bado hazijasongwa kama Kasumbalesa: stesheni, soko dogo, ardhi tupu kuzunguka. Treni za shaba hazitakuwa na sababu ya kusimama hapo. Mihogo, mahindi, asali na samaki wa mito ya kule vitakuwa na sababu ya kupanda, kama kutakuwa na reli ya pembeni ya kuegeshea mabehewa mawili matatu, jukwaa la kupakilia, ghala lenye sakafu kavu, na haki iliyoandikwa kwenye mkataba kwamba treni ya mchanganyiko itasimama siku fulani za wiki. Reli ya pembeni ya mita mia tatu ni kitu kidogo sana ndani ya mradi wa mamia ya kilomita, ilimradi iwemo kwenye mchoro wa kwanza. Ikiombwa baadaye, itaambiwa ni nje ya mkataba.

Na pale stesheni, kabla ya yote, apelekwe mpimaji na vigingi. Apime mitaa, aache upana wa kanivo, afuate mteremko mpaka kwenye kijito, aandike kiwanja cha soko na cha pampu kwa jina la mji. Kazi hiyo inaweza kufanyika kiangazi kimoja, Mei hadi Septemba, ardhi ikiwa kavu na nyumba zikiwa bado chache.